Mwenye Mita Yupo

Ujumbe wa kwanza ulimtakia marehemu asubuhi njema.

Mke wa fundi makochi aliusoma akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, akacheka peke yake. Simu ilikuwa yake, lakini ujumbe ulimwita baba mkwe wake kwa majina yake yote matatu. Ulimshukuru kwa kujiunga na mita mpya zinazojisoma zenyewe, kisha ukamwonya kwa adabu kwamba matumizi yake ya umeme kabla ya adhuhuri yamezidi kiasi. Ukamshauri apunguze vyombo vinavyopata moto, kwa mfano pasi.

Baba mkwe alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Pasi katika nyumba ile ilikuwa moja tu, nzito, ya zamani, nayo ilifungiwa chumbani kwake pamoja na mashati yake, kwa sababu mwanawe hakuwa na moyo wa kugawa chochote.

"Mume wangu!" akaita. "Baba yako anaonywa huku."

"Kafanya nini tena?" Sauti ya mume ilitoka karakana, chumba cha mbele alichokigeuza kuwa mahali pa kazi.

"Anamaliza umeme."

Wakacheka wote wawili, kila mtu mahali pake, na nyundo ikaendelea.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba watu hawa hawakuwa wabaya. Fundi alikuwa na mikono ya dhahabu; kochi lililokwisha kukata tamaa lilitoka kwake likiwa na heshima zake. Kasoro yake moja ilikuwa siku. Akisema Jumatatu, hata yeye hakujua ni Jumatatu ipi. Kwa hiyo mkewe, mbali na kushona foronya za mito, alikuwa na kazi ya pili isiyo na ujira, nayo ni kufungua mlango na kumwambia mteja kwa uso mkavu, "Hayupo." Nyuma ya pazia mume amechuchumaa kama kuku anayetaga, ameziba mdomo asicheke. Neno lile lilimtoka mke bila hata kulifikiria.

Basi siku mafundi wa mita walipokuja, kabla ya ujumbe ule, uongo ulikuwa tayari mdomoni, ila ulitoka wa upande wa pili. Mita ya zamani ilikuwa kwa jina la baba mkwe. Kubadilisha jina kulitaka cheti cha kifo, barua ya ukoo, foleni, na kurudi kesho. Fundi wa mita, mwanamume mwembamba mwenye jasho, alisimama ukumbini na simu yake akauliza, "Mwenye mita yupo?"

"Yupo," akasema mke wa fundi. "Ni mgonjwa, amelala chumbani."

"Sina haja ya kumsumbua. Mwite tu kwa jina, akiitika nabonyeza hapa, tunamaliza."

Mke alikuwa ameshamnong'oneza mumewe azunguke uani, aingie chumba cha baba kwa mlango wa nyuma, na aitike kwa sauti ya kizee. Kumwigiza baba alikuwa anajua, tangu utotoni. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaita majina yote matatu. Kimya. Akaita tena, akijilaumu kwa kuolewa na mtu mzito. Mara ya tatu, ndani, kitanda kililia kidogo, na sauti ya mzee ikasema taratibu:

"Nipo."

Fundi wa mita akabonyeza. Mita ikafungwa ukutani kwa nje, na jikoni wakawekewa kidude chenye kioo kidogo kinachoonyesha umeme unaotumika kwa wakati ule. Jioni, wakati wa kula, mke akamsifu mumewe kwamba leo kazi ameiweza. Mume akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama kawaida yake. Sifa ilikuwa haijampita mtu huyo hata siku moja, awe ameifanyia kazi au hakuifanyia.

Bili ilipokuja, kicheko kiliisha. Fundi aliisoma, akaigeuza, akaisoma upya, akatoka na ngazi kutafuta waya wa jirani mwizi. Hakukuta waya. Asubuhi iliyofuata walichomoa kila kitu: cherehani, friji, taa, hata chaja ya simu. Tarakimu za kidude zikashuka mpaka zikalala. Wakakaa jikoni wakizitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Jua lilipopanda kiasi cha kuingia dirishani, tarakimu zikaamka zenyewe, zikapanda, zikasimama juu kabisa, zikakaa hapo.

"Mita mbovu," akasema fundi.

"Mita mbovu," akakubali mkewe. Lakini pua yake ilikuwa imenasa kitu kutoka ukumbini, harufu nyembamba ya dawa ya kuchua, ile ya viungo, ambayo baba mkwe alijipaka kila asubuhi kabla ya kupiga pasi shati lake. Alistaafu ukarani miaka mingi, lakini hakuwahi kutoka nje na shati lenye mkunjo. Mke alijiambia kwamba harufu hukaa kwenye mbao.

Kesho yake alikwenda ofisi ya umeme. Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, aliyeonekana kuchoka kugombezwa.

"Mita yenu haina kasoro, mama. Tatizo ni mteja, anatumia sana."

"Mteja amefariki, dada yangu."

Karani alivua miwani. "Lini?"

"Mwaka jana."

"Haiwezekani. Mita hii ni ya juzi juzi. Hapa pameandikwa mwenye mita aliitwa, akaitika."

Mke wa fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nilidanganya. Mume wangu ndiye aliyeitika."

"Shusha sauti, hilo ni kosa," karani akanong'ona, lakini hakukasirika. Aligeuza kioo cha kompyuta ili mke wa fundi aone. Kulikuwa na milia, mmoja kwa kila saa, mirefu ya asubuhi na mifupi ya mchana. "Tazama hapa. Anaanza saa ile ile kila siku. Sasa nataka nikuulize. Juzi mtaa wenu ulikatika umeme, sivyo?"

"Tangu alfajiri mpaka jioni."

"Mita zote za mtaa zilisoma sifuri." Karani aliweka kidole kwenye mlia mrefu kuliko yote. "Ya kwenu haikusoma sifuri."

Foleni ilikuwa inanung'unika nyuma.

"Mama," karani akasema polepole, "nyumbani kwenu kuna nani?"

Alirudi kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia. Karakana ilikuwa kimya. Kochi la mwalimu mkuu, mama mkali aliyekwisha kuja mara nyingi mno, lilikaa pale mifupa nje. Mlango wa chumba cha baba mkwe, uliofungwa mwaka mzima, ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa amekaa kitandani, na mashati ya marehemu yametundikwa ukutani, yote, yamenyooka kwa pasi, bado yanatoa joto.

"Yupo," mume akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mke hakuwahi kuiona. "Nimesikia pasi, nikafungua. Nimeongea naye."

"Amesema nini?"

"Anasema yupo."

"Na kingine?"

"Hicho tu. Kwani nataka kingine?" Akajipangusa kwa kiganja. "Siku ile aliniita, mke wangu. Unakumbuka. Nikasema nakuja, namalizia msumari. Nikachelewa. Safari hii nimewahi."

Mke alikumbuka. Wote wawili walikumbuka kila siku na hawakutaja. Kwa hiyo hakuweza kumvuta mkono, hakuweza hata kumwambia anaogopa. Alimwonea huruma, na huruma ile ikampotezea muda.

Fundi akaacha kazi. Kila asubuhi alioga, akaingia chumba kile, akajifungia mpaka adhuhuri. Alitoka akiwa baridi. Ukimgusa shingo ni kama kugusa sakafu. Chakula alikigeuza geuza tu. Mito ilirundikana, wateja walibisha hodi na mke akasema hayupo, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba anasema kweli. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa nyumba nzima, na chini yake ikaanza kusikika harufu nyingine, ya kitambaa kilichoachiwa pasi ikakaa mno. Alipopita ukumbini aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani yuko humo?" na sauti ya mzee ikajibu, "Nipo." Aliuliza, "Mume wangu yuko wapi?" ikajibu, "Nipo." Aliuliza, "Unataka nini kwetu?" Ikajibu vilevile, kwa upole uleule, kama mtu aliyefundishwa neno moja tu akaliona linatosha.

Asubuhi moja alisikia mumewe akiguna. Halikuwa guno la furaha, na halikuwa la mtu anayelia pia. Alivua viatu, akasogea kwenye mlango, akaweka jicho penye ufa wa ubao. Alimwona mumewe amekaa kwenye kiti cha baba yake, amevaa shati jeupe la baba yake, mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya meza ya kupigia pasi. Juu ya mkono ule hapakuwa na mtu wala pasi, pasi ilikuwa sakafuni na waya wake umezungushwa kama ulivyozungushwa tangu msiba. Lakini kitambaa cha shati kilikuwa kikibonyea, kikilala, kikitoa moshi mwembamba, mstari ukijichora kutoka begani, ukashuka kwenye kiwiko, ukashuka mpaka kifundo cha mkono, na nyama iliyokuwa chini ya kitambaa ikichemka taratibu kwa mlio wa mafuta ya kukaangia, huku mumewe akitabasamu na machozi yakimtoka, akisema, "Ndiyo, baba, ndiyo, baba," na kitu fulani, karibu kabisa na sikio lake, kikisema, "Nipo, nipo, nipo."

Alipiga kelele akausukuma mlango mpaka ukaachia. Hakujua alimtoaje. Alijikuta yuko karakana, mume chini miongoni mwa sponji, naye anamwagia mkono ule maji ya ndoo.

"Umemfukuza baba!" mume akalia.

"Huyo si baba yako! Tazama mkono wa shati. Tazama mstari!"

Mume akatazama. Mstari ulikuwa umenyooka kama wembe, toka bega hadi kifundo.

"Baba yako alikuwa anapiga mstari mkononi?"

Midomo ya fundi ilikuwa ya kijivu. "Hakuwahi," akasema. "Alisema mkono wa shati si bahasha. Aliwahi kunichapa kwa sababu hiyo."

"Yote haya ni sisi. Ni mimi niliyesema yupo, na ni wewe uliyeitika."

"Niliitika wapi?"

"Chumbani! Siku ya mita. Nilikutuma uzunguke uani ukamwigize baba."

Fundi alimtazama mkewe, na ile homa ikamtoka machoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa woga mtupu.

"Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, mke wangu. Ufunguo sikuuona. Nikatoka zangu kununua misumari. Nilidhani mmemaliza bila mimi."

Mtaani kulikuwa na mwanamke aliyeuza sabuni za kipande kwenye kibanda, na watu walimwendea kwa mambo yasiyotoka kwa sabuni. Walimwita Bibi Sabuni. Hakuwa na buhuri wala kitambaa chekundu, na subira pia hakuwa nayo. Aliingia, akanusa, akauangalia mkono wa fundi, akaisikiliza habari yote mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa nguo iliyoharibiwa na dobi.

"Marehemu wenu amelala, msimsingizie," akasema. "Huyu ni jini asiye na kwake. Alikuwa anapita. Akasikia mtu anaitwa katika chumba kitupu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mwenye jina haitiki. Akaitika yeye. Ungefanyaje ungekuwa wewe, uko juani, husikii mtu akikuita?"

"Mfukuze basi, bibi. Nakuomba."

"Mimi? Kwani nilimkaribisha mimi? Mlimkaribisha kwa uongo, mtamtoa kwa kweli. Kwanza nenda kafute jina la mzee kule ulikoliandikisha. Halafu njoo usimame palepale uliposimama."

Karani wa miwani hakumpanga foleni wala hakumdai cheti. Alilifuta jina la marehemu, akaandika la fundi. "Mita ni ya mumeo sasa," akasema. "Usiniambie kingine, mama. Nina watoto."

Jua lilikuwa la utosi waliposimama ukumbini, mke mbele, mume nyuma yake na mkono umefungwa bendeji, Bibi Sabuni ameegemea ukuta. Mke aliita majina matatu ya baba mkwe wake.

"Nipo," ikajibu mara moja, kwa furaha.

"Baba mkwe wangu amefariki. Hayupo."

"Nipo." Mashati ukutani yalianza kutikisika. Jikoni kidude kilipiga mlio ambao hawakuwahi kuusikia.

"Amefariki. Nilidanganya kwa uvivu. Hayupo!"

"Nipo." Sasa sauti ilikuwa kubwa, na ule uzee uliokuwa ndani yake ukaanza kubanduka, chini yake pakatokea sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, na harufu ya kuungua ikawabana koo.

"Mtoto wake aseme," Bibi Sabuni akaamuru.

Fundi alishindwa. Mkewe alimshika ule mkono mzima, akaukaza. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa na kosa, "Baba amefariki. Aliniita nikachelewa. Hayupo, na mimi sikumuaga."

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo, kufuli likaruka uani. Upepo wa moto uliwapita miguuni. Kisha nyumba ikanyamaza, na tarakimu za jikoni zikashuka, zikalala. Fundi akakaa chini akamlilia baba yake, kilio alichopaswa kulia mwaka ule. Hakuna aliyemzuia.

Bibi Sabuni aliondoka na mashati yote kwenda kuyagawa. Mlangoni aligeuka. "Katoka, ila hajafika mbali. Atakaa hapo nje akisikiliza. Nyumba hii imemfundisha kuwa lisemwalo mlangoni ndilo linalokuwa. Basi chungeni mlango wenu. Asiyekuwepo msiseme yupo, na aliyepo msiseme hayupo. Mmenisikia?"

Walimsikia. Na kweli walichunga. Fundi alianza kutoka mwenyewe kuwapokea wateja, akatukanwa vizuri, akaomba radhi, akafanya kazi kwa aibu mpaka makochi yakapungua. Alinenepa tena. Mkono ulipona, ukabaki mstari mwembamba wa kovu toka bega hadi kifundo, naye akawa anauficha kwa mashati ya mikono mirefu. Bili zilikuja za kibinadamu, kwa jina lake, zikimtakia asubuhi njema. Mkewe alikuwa akisikia nyundo karakana, anasimama jikoni bila sababu, anashukuru.

Ilikuwa asubuhi nzuri tu, cherehani ikinguruma, fundi akiimba wimbo asioujua maneno, hodi ilipopigwa. Mke akachungulia. Alikuwa mwalimu mkuu, mkoba kwapani.

Mume alichungulia kwenye pazia. Kochi lilibakiza upande mmoja tu. Aliviunganisha viganja vyake kama mwombaji, akapepesa macho, akanong'ona, "Leo tu, mke wangu. Mpaka jioni nitakuwa nimemaliza. Leo tu, huyu mama ataniua." Akachuchumaa nyuma ya cherehani kama siku za zamani, amekaza mdomo asicheke, na alipendeza mno akiwa vile, mzima, mnene, mjinga wake. Moyo wa mke ukalainika. Akafungua mlango.

"Fundi yupo?"

"Hayupo, mwalimu. Njoo jioni."

Lilitoka lenyewe, laini, kama zamani. Alilisikia likiwa limeshafika nje. Mwalimu mkuu alisonya, akageuka, akaenda zake. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Upepo wa moto ulimpita miguuni, ukaingia ndani.

Alifunga mlango. Karakana ilikuwa kimya.

"Ameenda," akasema kwa pazia. "Toka basi."

Cherehani ilianza kunguruma. Mke akashusha pumzi, akacheka kidogo, akajipangusa jasho la shingo. Ndipo harufu ikamfikia, nyembamba, ya dawa ya kuchua na kitambaa kilichoungua. Akatazama chini. Plagi ya cherehani ilikuwa sakafuni, mbali na soketi, na nyuma ya pazia mashine ilikuwa inakimbia.

"Mume wangu?" akaita, karibu bila sauti. "Mume wangu, uko hapo?"

"Nipo," sauti ya mumewe ikajibu, kwa upole.